Usimwage mashapo ya sida, hamira bado i hai

Ukishahamisha sida ya matofaa (juisi ya matofaa iliyochachushwa) kwenda chombo kingine, yale mashapo mazito ya rangi ya maziwa chini ya mtungi ni hamira hai. Acha sida kidogo juu yake, kama glasi moja, tikisa, kisha mimina kwenye chupa ya glasi iliyochemshwa. Hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi kwa sababu tuko juu, kwa hiyo yaache yatokote dakika 15. Weka kwenye friji, na tafadhali usikaze kifuniko: gesi bado inatoka na chupa inaweza kupasuka.

Itumie ndani ya wiki 2. Stima ikipotea siku nzima, usingoje. Mililita 100 za uji huo wa hamira zinatosha kuchachusha lita 20 za juisi mpya. Mwaga majimaji ya juu, iache ipoteze baridi, halafu inuse. Ikinukia mkate ni sawa. Ikinuka siki au yai viza, tupa yote.

Usirudie kutumia hamira hiyo zaidi ya mara 4 au 5. Juisi ya matofaa ina nitrojeni haba, hivyo hamira hudhoofika, na vijidudu vya nje huongezeka kila mzunguko.