Kupanda Mandara na Kurudi Siku Hiyohiyo

Lango la Marangu, mlima Kilimanjaro, liko kwenye mita 1,870 hivi. Mandara, kambi ya kwanza ya vibanda kwenye njia hiyo, ni takriban 2,700. Njia ni kama kilomita 8 za msitu, saa tatu hadi nne kupanda, mbili au tatu kushuka. Uwe langoni saa 2 asubuhi: kulipia kiingilio na kumsubiri mwongoza watalii (ni lazima uwe naye) hula muda.

Kosa kubwa ni mwendo. Watu hutoka mbio kwa sababu mwanzo ni rahisi, kisha kichwa kinauma kabla ya Mandara. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza bila kuhema. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaanza, usipande tena, shuka.

Beba maji lita 2 hadi 3, chakula cha mchana, koti la mvua na sweta. Fulana ya pamba iache: ikilowa jasho haikauki, na ukikaa kupumzika baridi inakuingia. Buti ziwe zimeshavaliwa wiki kadhaa. Kata kucha za miguu, maana kwenye kushuka vidole hugonga mbele.

Ukifika Mandara usilale kwenye nyasi. Dakika 15 mbele kuna kreta (shimo la volkano) ya Maundi, na hapo ndipo mandhari yalipo: vilele vya Mawenzi na Kibo, na tambarare za Kenya. Mawingu hupanda mchana, kwa hiyo ifikie kabla ya saa 7. Machi hadi Mei ni masika, tope tupu.