SOMO: Vifaa vya kusafishia tangi la samaki, uanze na kipi na kipi uachane nacho

Wakuu salaam. Hili somo niliahidi siku nyingi nikawa napiga danadana, ila juzi kuna mdau kanitumia picha ya vifaa alivyonunua, boksi zima, kuna sumaku kubwa, brashi za kila saizi, koleo refu la chuma, kifyonzaji cha betri, nikamuuliza sasa ndoo iko wapi akanijibu anatumia ile ya kufulia. Nikasema hapa lazima niandike.

Kwanza tuelewane. Tangi halioshwi kama sufuria. Sufuria unasugua mpaka unajiona usoni, tangi ukilifanyia hivo samaki hawatoboi wiki. Uchafu umekaa sehemu nne, kwenye kioo, chini kwenye kokoto, ndani ya filta, na ule ulioyeyuka kwenye maji ambao huuoni. Huo wa nne ndo unaoua, na hakuna brashi duniani inayougusa. Ndo maana mtu ana brashi 6 na tangi linang'aa lakini kila baada ya siku mbili anatoa maiti.

HATUA YA 1: Lijue tangi lako kabla hujatoa hela

Chukua futi ya kupimia, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawa kwa 1000, hizo ndo lita. Mfano 60 x 30 x 36 ni lita 64.8, ukitoa kokoto na mawe na ile nafasi ya juu unabaki na kama 55 hivi za maji kweli. Hiyo namba utaihitaji kwenye kila kitu, mpira wa kunyonyea maji, hita, filta, hadi dawa za maji.

Halafu jua kama ni kioo au akriliki, kuna watu wana tangi miaka miwili hawajui. Gonga kwa ukucha, kioo kinalia kwa sauti kali na ukikigusa kina ubaridi, akriliki inalia butu kama plastiki maana ndo plastiki yenyewe. Akriliki inachubuka kwa kitu kidogo sana, wembe kwake ni marufuku, hata sponji ngumu ya jikoni inaacha mikwaruzo ambayo utaiangalia kila siku ukinywa chai.

HATUA YA 2: Mpira wa kunyonyea na ndoo mbili

Kama hela inatosha kitu kimoja tu, nunua huu mpira. Ule wenye bomba pana la plastiki mbele na mpira mwembamba nyuma. Unachomeka bomba kwenye kokoto, kokoto zinapanda kidogo zinazunguka zinarudi chini, kinyesi na mabaki ya chakula vinakwenda na maji kwenye ndoo. Yani kwa mkupuo mmoja unasafisha chini na unapunguza ule uchafu ulioyeyuka, hakuna kifaa kingine kinachofanya kazi mbili hivo.

Kosa la wengi ni upana. Mtu ana tangi la lita 30 ananunua bomba pana kama kikombe, dakika moja maji yote yamehamia ndooni na hajamaliza hata kona. Tangi dogo bomba dogo. Na kama chini umeweka mchanga laini usichomeke, pitisha bomba juu juu kama sentimita 2 hivi, uchafu kwenye mchanga unakaa juu hauzami. Mwendo wa maji unaudhibiti kwa kuubana mpira kwa vidole, na kumbuka ndoo ikiwa chini zaidi ya tangi ndo maji yanakwenda kasi, kwahiyo hakikisha mpira una urefu wa kufika sakafuni na kubaki.

Kuuanzisha usivute kwa mdomo jamani. Najua wote tumefanya, na wote tumemeza. Chukua wenye puto la kubinya, au zamisha mpira wote kwenye maji ujae, ziba ncha kwa kidole, toa hiyo ncha ishushe kwenye ndoo, achia.

Ndoo ziwe mbili, moja ya maji machafu na moja ya masafi, ziandike kwa maka peni kubwa SAMAKI ili mtu wa nyumbani asije akalowekea soksi. Sabuni isiguse hizo ndoo maisha yao yote. Na usikimbilie za lita 20, lita moja ni kilo moja, kubeba kilo 20 za maji yanayochezacheza kuyapandisha usawa wa kifua mgongo utakwambia. Mimi natumia za lita 10 nakwenda safari mbili.

HATUA YA 3: Kioo

Hapa ndo hela nyingi inapotea kwasababu kioo ndo kinachoonekana na wageni. Tazama mwani wako, yani ule utando unaoota kwenye kioo, ni wa aina gani kwanza. Ule wa kahawia unaofutika kama vumbi, au wa kijani laini, sponji laini mpya au kitambaa cheupe kinatosha kabisa. Ule wa vidoa vigumu vya kijani vilivyong'ang'ania kama rangi, huo kwenye kioo unatolewa kwa wembe wenye mpini mrefu, ushike kwa kulala kidogo usisimame wima, na usiufikishe kwenye kona maana pale kuna silikoni ndo imeshika tangi lote, ukiikata umejitafutia mafuriko sebuleni. Kwenye akriliki tumia kadi ya benki iliyoisha muda, sitanii, inafanya kazi kuliko vitu vingi vinavyouzwa.

Sumaku zile za pande mbili, moja ndani moja nje ya kioo, ni nzuri kwa mvivu kama mimi, haulowi mkono. Ila angalia mbili. Nguvu yake iendane na unene wa kioo, ikiwa dhaifu inadondoka kila saa, ikiwa kali mno kwenye kioo chembamba unapambana nayo kama unamtoa kupe. Na ukikaribia chini iachie kama vidole vitatu juu ya mchanga, chembe moja ikiingia kati ya sumaku na kioo wewe unachora ramani hujui. Chukua inayoelea, ikiachia inapanda juu yenyewe.

HATUA YA 4: Filta, na hapa nisikilize vizuri

Vifaa vyake ni vya bei ya chini kuliko vyote, mswaki wa zamani wa kusugulia ile feni ndogo ya pampu, na brashi ndefu nyembamba inayopinda ya kupitisha kwenye mipira. Basi.

Ishu ni namna ya kuosha. Mwaka wa kwanza nafuga nilichukua sponji ya filta nikaipeleka bombani, nikaikamua mpaka maji yakatoka meupe, nikairudisha najisifu. Siku ya tatu samaki wote wako juu wanahema. Nilikuwa nimeua bakteria. Iko hivi, samaki wanatoa amonia, ambayo ni sumu, kuna bakteria wanaigeuza kuwa nitraiti, nayo ni sumu, halafu wengine wanaigeuza nitreti ambayo ina nafuu kubwa na unaipunguza kwa kubadilisha maji. Wengi wa hao bakteria wanaishi kwenye sponji, na maji ya bomba yamewekwa klorini maalumu kwa kuua bakteria. Sasa hapo nilitegemea nini?

Kwahiyo sponji inakamuliwa kwenye ndoo ya maji uliyotoa kwenye tangi hilohilo, mara tatu nne, itoke bado ina rangi ya kahawia, irudi. Usiitupe eti imechakaa, mpaka iwe inakatika vipande, na hata hapo weka mpya pamoja na ya zamani wiki kadhaa ndo utoe ya zamani.

HATUA YA 5: Vile ambavyo havina sura ya usafi

Kipimajoto, taulo mbili za zamani, dawa ya kuondoa klorini, na vipimo vya maji. Vipimo vya matone ni vya kuaminika kuliko vya karatasi, vinachosha kidogo ila vinakaa muda mrefu. Amonia na nitraiti zisome sifuri, nitreti ikipita 40 (miligramu kwa lita) ujue unachelewa kubadilisha maji. Huu ndo uchafu ule wa nne niliosema, macho yako hayauoni ila chupa inauona.

Kile kifyonzaji cha betri, kusema ukweli sikipendi. Kinakusanya vinyesi kwenye kamfuko halafu maji yanarudi yaleyale, nitreti iko palepale. Koleo refu ni la wenye mimea mingi, kama huna mimea achana nalo.

HATUA YA 6: Siku yenyewe ya kazi

Chomoa hita kwanza, mpe dakika 15 apoe, hita ikibaki nje ya maji ikiwa ya moto inapasuka. Zima filta. Anza na kioo ili mwani udondoke, ndo uje na mpira unyonye chini, toa robo ya maji, kwa lile tangi la mfano ni kama lita 14. Kamua sponji humohumo kwenye ndoo. Maji mapya yatie dawa, yawe na joto linalokaribiana na la tangi, yamimine taratibu juu ya sahani usifukue kokoto. Washa filta usiiache imezima masaa, wale bakteria nao wanahitaji hewa. Hita ya mwisho. Na waya zote zining'inie zishuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuchomeka, tone likitiririka lidondoke sakafuni lisiingie kwenye umeme.

Sponji ya filta na kokoto usivisafishe kwa nguvu siku moja. Wiki hii nusu ya kokoto, wiki ijayo nusu nyingine.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina vifaa tayari nilishaviosha na sabuni mara nyingi, nitupe?

Jibu: Vya plastiki ngumu na kioo suuza sana kwa maji ya moto vitumie. Sponji na vitambaa tupa, havitoi sabuni yote hata ufanyeje. Na zile sponji za jikoni zilizoandikwa zinaua vijidudu usiguse kabisa, ile dawa iko ndani ya sponji yenyewe.

Swali: Maji yangu yamekuwa kijani kama supu, nichukue sumaku ya saizi gani?

Jibu: Hakuna saizi mdogo wangu, huo mwani unaelea kwenye maji haujashika kioo. Hamisha tangi lisipigwe na jua la dirishani, taa iwake masaa 6 mpaka 8 tu, punguza chakula, badilisha maji. Ukitaka kifaa basi ni taa ya UV inayopitisha maji ndani yake, hiyo ndo inamaliza.

Swali: Kwani si ninunue tu yule samaki mfyonza vioo niachane na haya mabrashi?

Jibu: Hahaha hili nililingoja. Yule wa kawaida unayemwona dukani ana urefu wa kidole anafika sentimita 30 na zaidi, na kinyesi chake utanunua mpira mkubwa zaidi kukikimbiza. Konokono wadogo wanasaidia kidogo kwenye kioo. Ila kokoto na filta hakuna kiumbe atakusafishia.

Swali: Mwalimu, juu pale maji yanapoishia kuna ukoko mweupe umegoma hata kwa wembe.

Jibu: Hiyo ni chokaa ya maji, dada yangu. Siku ya kubadilisha maji yakiwa yameshuka, lowesha kitambaa na siki nyeupe, kikamue kisidondoshe, kibandike pale dakika 10 kisha futa, malizia na kitambaa cha maji. Mfuniko na vioo vya juu unaweza kuvitoa ukavifanyia nje.

Swali: Mimi huwa nalaza maji kwenye ndoo usiku kucha klorini inatoka yenyewe, hiyo dawa ni ya kazi gani?

Jibu: Klorini ya kawaida ni kweli inaruka. Lakini sehemu nyingine wanaweka kloramini, klorini iliyounganishwa na amonia, hiyo ukiilaza asubuhi unaikuta. Ulizia maji yako yana nini, na kama huna uhakika weka dawa, soma kibandiko kama inashughulikia na amonia pia.

Swali: Kaka samahani nje ya mada kidogo, nina kidonda kidoleni na leo ndo siku ya tangi, niingize tu mkono?

Jibu: Sio nje ya mada. Usiingize. Kuna bakteria wa majini anaitwa Mycobacterium marinum anaingia kwenye michubuko, unapata kinundu au kidonda kisichopona wiki na wiki, na ukienda hospitali wasipojua unafuga samaki wanaweza kuzunguka sana. Vaa glavu ndefu za kufika kwenye kiwiko au ngoja kipone, tangi likichelewa siku nne halitakufa.

Swali: Nina tangi mbili, naweza kutumia vifaa vilevile?

Jibu: Kama zote zina afya sawa, suuza na uviache vikauke kabisa kati ya moja na nyingine. Kukiwa na mgonjwa kwenye mojawapo hapana, wavu hasa, ndo unabeba magonjwa kuliko kitu kingine.

Swali: Yule mdau wa ndoo ya kufulia samaki wake wako hai?

Jibu: Wawili wamebaki. Na ndoo kanunua.