Somo: Kupendezesha chumba cha hosteli bila kukatwa kosheni

Wadogo zangu mnaoripoti vyuoni Tabora mwaka huu, karibuni sana. Nimekaa hosteli miaka mitatu, vyumba vitatu tofauti. Chumba cha kwanza kosheni yangu yote, ile pesa ya dhamana ya kufidia uharibifu, iliishia kwenye matundu manne ya misumari, na mawili kati ya hayo niliyakuta. Ndiyo maana naanza na karatasi kabla ya mapambo.

Hatua ya 1: Kagua kabla hujatandika

Siku ya kukabidhiwa chumba utapewa fomu ya vifaa: kitanda, godoro, loka, kitasa, vioo vya dirisha, taa. Wengi husaini begi likiwa bado mgongoni. Wewe fungua loka uifunge, geuza godoro, washa taa, chomeka chaja kwenye kila soketi. Kilichoharibika kiandikwe kwenye fomu mbele ya matroni au patroni. Kisha piga picha kuta zote nne, ukianza na matundu, na umtumie mtu wa nyumbani WhatsApp ili tarehe ibaki. Omba na kanuni uzisome, maana vyuo havifanani. Kuna kinachoruhusu pasi chumbani, kuna kinachoikataa.

Hatua ya 2: Ujue ukuta wako

Hosteli nyingi ukuta una rangi mbili. Chini, hadi usawa wa kifua, ni rangi ya mafuta inayong'aa. Juu ni rangi ya maji, ile inayokuachia unga ukipitisha kidole. Tepu ukiibandika huko juu itaondoka na rangi. Kwa hiyo ratiba na picha zako ziishie kwenye rangi ya mafuta, na tumia tepu ya karatasi wanayotumia mafundi rangi. Selotepu ya kawaida ikipigwa na joto letu la Oktoba inakauka na kudondoka, halafu gundi inabaki ukutani kama ulimbo. Ikishatokea, paka mafuta ya kula kwa kitambaa, subiri dakika kumi, ufute kwa maji ya sabuni. Wembe usiuguse, unakwangua na rangi.

Msumari usipige hata kama chumba cha jirani wamepiga. Plasta ikishachoka, msumari mmoja unaangusha kipande kama kiganja, na mwakani kuna mtu atalala ubavuni mwa hilo shimo.

Hatua ya 3: Pamba kitanda

Hapa ndipo ninapoweka nguvu zangu zote. Dabodeka ni chuma, na chuma unakifunga kamba na kuifungua bila kuacha alama. Ukilala chini, zungusha kamba ya manila kwenye fremu ya kitanda cha juu. Chukua kitenge, shona pindo pana upande mmoja, pitisha kamba, umepata pazia. Changu nilikinunua Mwanga, Kigoma, nikaja nacho kwenye treni: bluu iliyokolea, maua ya njano. Jua la asubuhi likipenya, mwanga wa maua yale unaanguka kwenye daftari langu, na chumba kizima kinakuwa changu. Mwulize matroni kwanza, kwani wengine hawataki pazia linalofunika kitanda chote.

Ila neti itangulie pazia. Mkoa wetu malaria ni nyingi. Neti mpya yenye dawa ianike kivulini saa 24 kabla ya kuilalia, na ukiifua iwe kwa sabuni ya mche na maji baridi, uianike kivulini tena, kwa sababu jua linaua dawa. Anayelala juu afunge vijiti vinne kwenye miguu ya kitanda, neti isimame yenyewe bila kugusa dari.

Hatua ya 4: Umeme

Plagi zetu zina fyuzi ya ampea 13. Kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000. Jagi la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200 kwenye ekstensheni moja vimeshapita. Simu, kompyuta na taa ya mezani havina shida. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga na jiko la koili viache nyumbani.

Hatua ya 5: Vumbi

Kuanzia Juni mpaka mvua za Novemba, vumbi la hapa linaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Usifagie pakavu, unalihamishia kitandani. Nyunyiza maji kidogo, fagia, kisha piga deki. Wavu wa dirisha ufutwe kila Jumamosi. Msimu wa maembe maganda yasilale ndani, na asali ya nyumbani ikae kwenye chupa yenye mfuniko, chupa ndani ya kisahani cha maji, sisimizi wasiifikie.

MASWALI

Dada, nimekuta kunguni kwenye godoro. Nikimwambia matroni si wataniona mchafu?

Mwambie leo, mdogo wangu. Kunguni wanapita ukutani hadi chumba cha pili, hutawamaliza peke yako. Angalia mishono ya godoro na maungio ya kitanda, penye vidoa vyeusi kama wino. Mwaga maji ya moto kwenye vyuma, fua mashuka kwa maji ya moto, halafu rudia baada ya siku kumi, kwani mayai yaliyobaki yanakuwa yameanguliwa.

Rafiki yangu wa Kasulu amekosa chumba, naweza kumbeba, yaani alale kwangu?

Kumbeba bila ruhusa kunaweza kuwatoa wote wawili hosteli. Nenda naye kwa msimamizi mkamwombe nafasi. Mara nyingi vitanda hupatikana wiki ya pili, baada ya wasioripoti kujulikana.

Mwenzangu ameshapiga msumari upande wake. Usiku alipoupiga sikuwepo.

Zungumza naye kwanza, kwa upole, mkiwa wawili tu. Kisha nendeni pamoja mkamwambie patroni, iandikwe ni upande wa nani. Msumari wenyewe msiung'oe mpaka fundi wa chuo aje, plasta isije ikafuata.