Ute wa Bakteria wa Mnyauko wa Viazi: Kwa Nini Dalili Huchelewa na Hatua za Kuchukua Mapema

Mkulima wa viazi mviringo anapoona mimea yake imelegea adhuhuri huku majani yakiwa bado ya kijani na udongo una unyevu wa kutosha, mara nyingi hukimbilia dukani kununua dawa ya ukungu. Fedha hiyo hupotea bure. Mnyauko wa namna hiyo kwa kawaida husababishwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum, ambaye dawa za ukungu hazimwezi, na ambaye mpaka sasa hakuna dawa ya kunyunyizia inayoweza kuuponya mmea alioushambulia. Ili kumdhibiti, inafaa kwanza kufahamu jinsi anavyotengeneza ute wake, kwa kuwa ute huo ndio unaounyausha mmea.

Bakteria huyu huingia kupitia majeraha ya mizizi, yakiwemo yale ya jembe na ya minyoo fundo, kisha huhamia kwenye mirija inayopandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani. Humo huzaliana na kutoa polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari inayovuta maji na kuwa ute mzito. Mirija huziba, maji hayapandi, na mmea hunyauka ilhali umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Watafiti walipoharibu jeni za kutengeneza ute huo, bakteria walibaki hai lakini uwezo wao wa kunyausha mimea ulipungua sana. Ute huohuo huwasaidia pia kustahimili ukavu wanapokuwa nje ya mmea.

Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba bakteria hawatoi ute wakati wote. Kutengeneza polisakaridi kunatumia nguvu nyingi, na bakteria wachache wanaotafuta mizizi hunufaika zaidi kwa kuogelea na kuzaliana. Kwa hiyo kila seli hutoa kiasi kidogo cha kemikali ya jamii ya asidi za mafuta, ambayo hujikusanya kadiri seli zinavyoongezeka ndani ya mirija. Wingi wao unapofikia takribani seli milioni 10 kwa mililita moja, protini ya PhcS iliyoko kwenye utando wa seli huitambua kemikali hiyo, na protini nyingine iitwayo PhcA, iliyokuwa imezuiwa, huachiwa kufanya kazi. PhcA huamsha protini ya tatu, XpsR, na XpsR ndiyo inayosaidia kuwasha kundi la jeni zinazotoa vimeng'enya vya kuunganisha sukari hizo. Hata hapo, mfumo wa pili unaoitwa VsrA na VsrD lazima nao uruhusu. Bila huo, ute huwa kidogo.

Maana yake shambani ni kwamba mmea unaoonekana mzima unaweza kuwa umekwisha kuambukizwa. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Njombe au Nyandarua, bakteria wanaweza kukaa ndani ya viazi kwa idadi ndogo bila kuonyesha dalili yoyote, kisha mbegu hiyo ikipelekwa sehemu yenye joto ugonjwa ukalipuka. Kwa maoni yangu, hili ndilo kosa linalogharimu zaidi: kuchagua mbegu kwa macho kutoka shamba ambalo mimea kadhaa ilinyauka. Nunua mbegu iliyothibitishwa, na iwapo utatunza ya kwako, itoke kwenye shamba ambalo halikuwa na mnyauko hata kidogo.

Ili kuhakiki ugonjwa, kata kipande cha shina karibu na udongo, kishikilie wima kwenye glasi ya maji safi, ncha ya chini iguse maji, na usikitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, huo ni mchanganyiko wa bakteria na ute wao. Kiazi kilichoathirika sana kikikatwa huonyesha mduara wa kahawia, na udongo hunata kwenye macho yake.

Mimea iliyothibitika kuugua ing'olewe pamoja na viazi na udongo unaoshikamana na mizizi, ibebwe ndani ya mfuko na kufukiwa kwenye shimo refu mbali na mfereji. Usiitupe kwenye mboji. Jembe na viatu vioshwe udongo kwanza, ndipo vipakwe maji yenye klorini, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu ikikutana na matope. Umwagiliaji wa mfereji unaopita kwenye mimea mgonjwa usimamishwe, na maotea ya viazi, yaani mimea inayojiotea yenyewe kutokana na viazi vilivyobaki udongoni, yang'olewe kila msimu. Eneo hilo lipandwe mahindi, ngano au majani ya malisho kwa misimu kadhaa, wala si nyanya, bilinganya, pilipili au mnavu. Viazi vizima vilivyobaki vinaweza kuliwa, ila maji ya kuvioshea na maganda yake yasirudishwe shambani.