Gia Zikigonga, Usinunue Giaboksi Bado

Mteja akija kwenye kaunta yetu hapa Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, akaulizia bei ya giaboksi ya otomatiki ya mtumba, mimi humuuliza kwanza: inagonga au inateleza? Wengine hununa. Wanaona mama wa spea anajifanya fundi. Lakini jibu la swali hilo ndilo huamua kama utatoa pesa kidogo leo au utaenda kukopa kwenye chama.

Kugonga ni gia kuingia kwa kishindo. Unatoka P unaweka D, gari linaruka. Au unaondoka taa za Nyayo, gia ya kwanza ikiingia ya pili unasikia teke mgongoni. Kuteleza ni kitu kingine: injini inalia, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unapanda, na gari halisongi. Giaboksi inayoteleza inaunguza klachi zake ndani, na hiyo kweli ni shughuli. Inayogonga bado inashika. Tena mara nyingi inashika kupita kiasi, kwa sababu ya kitu kilicho nje ya hizo klachi. Solenoidi ya presha, yaani valvu ya umeme inayopimia presha ya oili, ikifa, kompyuta huiachia giaboksi presha ya juu kabisa, makusudi, maana presha ndogo ingechoma klachi. Kishindo unachosikia ni giaboksi ikijilinda.

Kwa hiyo, kabla ya spana yoyote, jibu hili: inagonga lini?

Ikigonga asubuhi tu, hasa baridi ya Julai, kisha ikatulia ukifika mjini, usiwe na haraka. Gari baridi huchelewa kubadilisha gia kwa mpango wake, na oili baridi ni nzito. Huenda inadai oili mpya tu. Ikiwa laini asubuhi lakini ikaanza kupiga baada ya kukaa kwenye jamu ya Mombasa Road, hapo oili imechoka au kuna solenoidi inayosumbua ikipata moto. Ikigonga unapotoka P peke yake, na wewe huegesha kwenye mteremko, kosa ni la mazoea: gari zima limeegemea kile kipini cha P. Kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia breki ya mguu gari likae, ndipo uweke P. Na ikiwa ilianza siku ulipobadilisha betri, kwenye magari mengine kompyuta husahau ilivyokuwa imejirekebisha. Endesha kwa upole siku kadhaa, itajifunza upya.

Sasa pima oili, na uipime mwenyewe. Wengi huipima kama oili ya injini, gari likiwa limezimwa, na kwa Toyota hiyo si njia. Endesha dakika ishirini hivi ipate moto, egesha mahali tambarare, vuta handibreki na ukanyage breki. Injini ikiwa inanguruma, pitisha gia polepole kutoka P hadi L, urudi P. Chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena, usome upande wa HOT. Honda ni kinyume: unazima injini ikiwa moto, kisha unapima ndani ya dakika moja na nusu.

Giaboksi haili oili kama injini. Ikiwa imepungua, imevuja: angalia sili za shafti, gasketi ya sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) na mipira inayoenda kwenye radieta. Kisha tazama rangi kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu ni nzuri, kahawia ni uzee, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni habari mbaya. Ukiona rangi ya maziwa ya stroberi, usiendeshe tena hata hadi kona. Oili ya giaboksi hupoozwa ndani ya radieta, na watu wa Nairobi tunapenda kujaza maji ya mfereji badala ya kulanti (maji maalum ya radieta), miaka nenda miaka rudi. Kutu ikitoboa kipoozeo, maji na oili hukutana, na klachi hazivumilii maji.

Aina ya oili ndiyo huniletea ugomvi mwingi dukani. Toyota nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000, kama Corolla yangu NZE121, dipstiki yenyewe imeandikwa aina ya oili, T-IV. Basi ni T-IV. WS, aina nyingine ya Toyota, ni nyepesi zaidi, ni ya magari yaliyoundiwa hiyo. Mitsubishi za umri huo nyingi ni SP-III, na Honda zilizokuwa zikitumia Z1 siku hizi hutiwa DW-1. Ukiambiwa “zote ni ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki), zote nyekundu”, beba gari lako uondoke. Kama teke lilianza wiki ile ile ya sevisi, ulizia ni nini kilichomiminwa mle. Na kama gari lako ni CVT, giaboksi isiyo na hatua za gia, kama Fielder nyingi za kuanzia 2006 na Honda Fit nyingi, maelezo haya hayakuhusu: ile ina mkanda, ina oili yake, na ATF ya kawaida huiua.

Kumwaga si kazi ngumu. Nati ya sampu kwenye Toyota nyingi hufunguka kwa Allen namba 10. Kinga kwa mtungi uliopimwa, kwa sababu utarudisha kiasi kile kile kilichotoka. Hutoka kama lita 3. Nyingine hubaki ndani ya konvata, lile duara kubwa linalounganisha injini na giaboksi. Kwa hiyo unarudia: mwaga, jaza, endesha wiki moja au mbili, mwaga tena. Kama giaboksi inabeba lita 7 na kila mara zinatoka 3, awamu ya tatu ikiisha karibu asilimia 80 ni mpya. Zile mashine za kusukuma oili kwa presha mimi sizipendi kwa giaboksi ya zamani. Zinachokoa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye valvu. Oili chafu usimwage mtaroni, wauza mbao wataichukua wapake dhidi ya mchwa.

Sampu ikishushwa, angalia sumaku zilizo ndani. Ungaunga wa kijivu, laini kama poda, ni kawaida. Vipande vya chuma vinavyometa, au makapi meusi ya klachi, ndiyo dalili ya ugonjwa wa ndani. Ukirudisha sampu usikaze boliti kwa hasira, ni ndogo na hukatika.

Halafu kuna ile imani kwamba kubadilisha oili kunaua giaboksi ya zamani. Watu hungoja hadi iteleze, wanabadilisha oili, inakufa wiki ijayo, wanalaumu oili. Ilikuwa inakufa tayari.

Oili ikiwa sawa na bado inagonga, nenda kwenye mauntingi, zile raba zinazoshikilia injini. Kijana mmoja wa teksi alinijia amesononeka.

“Mathe, fundi amesema ni giaboksi.”

“Fundi amepima nini?”

“Ameskia tu.”

Tukafungua boneti pale pale nje. Akavuta handibreki, akakandamiza breki kwa mguu wote, mimi nikasimama ubavuni (kamwe usisimame mbele wala nyuma ya gari likifanyiwa hivi). Nikamwambia atoke N aweke D, arudi N, aweke R. Kwenye R injini iliinuka upande mmoja ikatua kwa kishindo. Mauntingi ya kulia ilikuwa imepasuka raba, na maji yake ya ndani yameacha alama nyeusi chini. Giaboksi ilikuwa nzima kabisa. Injini kutikisika kidogo ni sawa. Ikiruka, nunua mauntingi, na angalia zote, kwa sababu moja ikifa nyingine hubeba mzigo wake.

Tazama pia RPM gari likiwa limepata moto. Injini ikinguruma gari likiwa limesimama na mshale ukakaa juu ya 1,000, kila ukiweka D lazima ligonge. Safisha throto bodi (mlango wa hewa inayoingia injini), tafuta mpira wa hewa uliopasuka. Plagi mbovu nayo hutikisa gari hadi ukadhani ni gia.

Wenye Toyota za miaka ya 1990, kama Corolla AE100, wana kebo inayotoka throto kwenda giaboksi. Ikivutwa sana, gia huchelewa na kuingia kwa nguvu. Mtu akikanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikiwa imezimwa, pengo kati ya mpira wa kebo na kile kishikizo kidogo cha chuma liwe milimita 0 hadi 1. Rekebisha kwa nati zake mbili, umemaliza.

Ni baada ya hayo ndipo uende kwa mtu mwenye skana, mashine ya kusoma makosa kwenye kompyuta ya gari. Kodi (namba za makosa) za P0750 na jirani zake huelekeza kwenye solenoidi. Usikubali “kodi imesema giaboksi”; solenoidi hupimwa kwa mita, na zile za kubadilisha gia kwenye Toyota nyingi husoma omu 11 hadi 15. Waya uliokatika pia huleta kodi hiyo hiyo, na waya ni wa bei rahisi.

Ikifika kweli kwamba ni giaboksi, njoo na namba iliyo kwenye kibati cha gari chini ya boneti, mahali palipoandikwa TRANS/AXLE, kwa mfano U340E. Usije na “ni ya Corolla” peke yake. Dai sili mpya na oili mpya kabla haijafungwa, mipira ya radieta isafishwe, na garantii iandikwe kwenye risiti. Fundi akiifunga, simama hapo umwone akizungusha konvata kwa mkono hadi iingie mwisho kabisa. Akiivuta kwa boliti za injini haijakaa, pampu hupasuka kabla gari halijatoka gereji, na hiyo garantii haitaigusa.