Namna ya Kumwandaa Mtoto kwa Balehe Kabla Haijamkuta

Mtoto wa kike huanza kuonyesha dalili za balehe wakati wowote kati ya umri wa miaka 8 na 13, na wa kiume kati ya miaka 9 na 14, kwa hiyo mzazi anayesubiri mwanawe amalize darasa la saba ndipo azungumze naye huwa amechelewa sana. Kwa msichana dalili ya kwanza kwa kawaida ni matiti kuanza kuota, na hedhi hufuata baada ya takriban miaka miwili. Mama anayeliona gauni la mwanawe likianza kumbana kifuani anao muda wa kutosha wa kumwandaa, ila asiupoteze. Kwa mvulana kinachoanza ni korodani kukua, jambo ambalo hakuna anayeliona, na ndiyo maana mzazi wa mvulana hapaswi kungoja dalili bali aanze mazungumzo mtoto anapotimiza miaka 9 au 10.

Amueni kwanza nani atazungumza. Katika jamii zetu nyingi mzazi huona haya kutaja mambo ya mwili mbele ya mwanawe, na kwa muda mrefu kazi hiyo ilikuwa ya bibi, shangazi au mjomba, na huko pwani ilikuwa ya somo, mwanamke anayeaminiwa na familia ambaye hukabidhiwa mwali. Sioni sababu ya kuudharau utaratibu huo, kwa kuwa ulimpa mtoto mtu maalumu wa kumwendea. Tatizo lake ni wakati na kipimo: mafunzo ya unyago mara nyingi yalikuja baada ya msichana kuvunja ungo, yakachanganya usafi wa mwili na mambo ya ndoa, ilhali anayevunja ungo leo huenda yuko darasa la tano au la sita na bado ana miaka mingi ya shule. Mkabidhini shangazi kazi hiyo mkipenda, lakini kaeni naye kabla, mkubaliane atasema nini na hatasema nini, na mama ahakikishe baadaye kwamba yamesemwa. Baba anayelea binti peke yake naye asijitoe: ajue pedi zinauzwa wapi na zinatumikaje, na azinunue bila kumfanya mtoto aombe kila mwezi.

Mazungumzo yenyewe yasiwe kikao. Mtoto aliyeitwa sebuleni na kuketishwa mbele ya wazazi waliokunja nyuso hudhani amekosa, na hatashika neno. Zungumzeni mkichambua mchele, mkifua au mkirudi shambani, kidogo kidogo, na mrudie baada ya wiki kadhaa. Vitajeni viungo kwa majina yake, uke, uume, korodani, matiti, kwa sauti ile ile mnayotumia kutaja goti, kwa sababu mtoto aliyelelewa kwa mafumbo hatakuwa na neno la kumwambia daktari, wala la kueleza iwapo mtu amemgusa vibaya.

Kwa msichana, eleza hedhi kabla hajaiona. Mwambie kwamba kila mwezi mfuko wa uzazi hujitayarisha kwa utando wenye damu, na mimba isipotungwa utando huo hutoka kupitia ukeni; kwamba damu hutoka kwa siku 2 hadi 7; na kwamba katika miaka ya mwanzo mzunguko wake unaweza kuyumba, mara hii siku 21 na mara nyingine siku 45, bila kuwa ugonjwa. Kisha mpe pedi mkononi aifungue, aibandike kwenye chupi, halafu aikunje na kuifunga kwenye karatasi kama iliyokwisha kutumika. Mfundishe kuibadilisha kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama haijajaa. Anayetumia vitambaa avifue kwa sabuni na maji baridi na kuvianika juani, si kuvificha chini ya godoro vikiwa na unyevu kwa kuona haya. Weka pedi mbili na chupi safi katika begi lake la shule mapema. Maumivu ya chini ya kitovu ni ya kawaida, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa husaidia. Lakini akilazimika kubadilisha pedi kila saa, akitokwa damu kwa zaidi ya siku 7, au akifika miaka 15 bila kuona hedhi, mpeleke kituo cha afya.

Wavulana ndio tunaowasahau, na hili linanisikitisha kuliko yote. Katika darasa nililofundisha palikuwa na mvulana aliyetembea ameinama na kuvaa sweta hata wakati wa joto. Alipokubali kuzungumza, alieleza kwamba chuchu zake zilikuwa zimevimba na kuuma, na kwa miezi kadhaa aliamini anageuka msichana. Maneno machache yangemwondolea mateso hayo: uvimbe huo huwapata wavulana wengi wanaobalehe, na kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Aambiwe hilo mapema, na aambiwe pia kwamba sauti itakwaruza, kwamba uume utasimama nyakati asizotaka, na kwamba siku moja ataamka nguo zimelowa shahawa kwa ndoto nyevu, ambayo si ugonjwa wala si kosa. Watoto wa Kiislamu husikia habari za manii, hedhi na josho madrasani, pengine kabla ya shuleni; mzazi aulize walichofundishwa na aendelee kutoka hapo, kwa kuwa ustadhi hueleza hukumu ya kuoga, na mtoto bado anahitaji mtu wa kumweleza mwili wenyewe.

Shuleni, mwalimu aite wazazi kabla ya kufundisha mada hii, awaonyeshe picha na maneno atakayotumia. Wavulana na wasichana watenganishwe wakati wa maswali, lakini somo la hedhi lisikiwe na wote, kwa sababu mvulana anayeelewa doa la damu kwenye sketi ya mwenzake hatalicheka. Kisanduku cha maswali yasiyo na majina husaidia sana, mradi kila mwanafunzi aandike kitu, hata kama ni "sina swali", ili mwenye swali asijulikane kwa kuonekana ameshika kalamu. Matroni anayetunza pedi za akiba asimtake maelezo mtoto anayekuja kuomba. Choo chenye mlango unaofungika, maji, na chombo cha taka chenye mfuniko ni sehemu ya somo hili.

Onyo la "sasa umekua, usicheze na wavulana" lisitolewe peke yake, kwani wapo wasichana wanaolisikia wakadhani mimba huletwa na kushikana mikono. Mweleze waziwazi kwamba mimba hutokana na kujamiiana, na kwamba kubalehe hakumfanyi mtu mzima: Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhesabu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Afahamu kwamba mtu yeyote akimgusa au kumtaka, awe jirani, ndugu au mwalimu, kosa ni la mtu huyo, na kwamba anaweza kupiga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto.

Yatakuja maswali usiyoweza kuyajibu. Sema hujui, umwambie utamuuliza muuguzi wa zahanati na kumletea jibu Jumamosi. Na Jumamosi ikifika, umjibu kabla hajakukumbusha.