Banda la kuku uani Dodoma: lisafishe kwa ukavu

Kuna kitu kinanisumbua kila nikizunguka mitaa yetu hapa Dodoma. Mtu ana kuku wake uani, anavuta mpira wa maji, anaosha sakafu ya banda mpaka inang'aa, anaridhika. Jioni mtaa mzima unanuka. Kinyesi kibichi cha kuku robo tatu yake ni maji tayari. Ukikiongezea maji kinachacha, kinatoa ile hewa ya amonia inayochoma macho, na nzi wanapata pa kutagia. Kikikauka, harufu inakatika na nzi hawakitaki tena. Sisi tuna jua, tuna upepo, na mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kwa nini tupoteze ndoo za maji ambayo wenyewe tunayatafuta?

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu Nkuhungu. Banda liko nyuma ya nyumba, na ukuta wa jirani uko karibu mno. Wateja wanakuja kupimwa, wanakaa, wanasubiri. Sitaki mteja ajue kwa pua kwamba nafuga. Kuku wangu ni chotara, ishirini na kitu. Kuku mkubwa mmoja hutoa kinyesi cha gramu 100 hadi 150 kwa siku, kwa hiyo kuku 20 wanakupa kilo 2 hadi 3 kila kukicha. Ukikiacha wiki nzima, hiyo ni kazi ya jasho. Ukikitoa kila asubuhi, ni kazi ya kumaliza kabla chai haijachemka.

Anzia wanapolala

Sehemu kubwa ya kinyesi hudondoka usiku, kuku wakiwa wametulia juu ya fito. Mahali pa kukikamata ni hapo. Chini ya fito weka kitu cha kukipokea: bati kuukuu lililonyooshwa, ubao mpana, au turubai lililokazwa vizuri. Mimi natumia bati, nimeliegemeza juu ya matofali, likiwa chini ya fito kwa kadiri ya urefu wa mkono hadi kiwiko, ili mkono na kikwaruzo vipite bila shida. Kingo zake nimezikunja zisinikate.

Jioni mwaga juu ya bati maranda kidogo au udongo mkavu uliochekechwa, wa kufunika tu. Asubuhi utakuta vijilima vimejipanga mstari chini ya kila fito. Vile vya saa za mwanzo za usiku vimeshaanza kushika ukoko juu, vya alfajiri bado vinang'aa. Pitisha kipande cha ubao kutoka upande mmoja hadi mwingine, vyote vinajikusanya na kuangukia kwenye karai. Bati lisilomwagiwa kitu linagandwa, na hapo ndipo watu hukimbilia maji.

Ukiwa hapo hapo, angalia unachokwangua. Kinyesi cha kawaida ni cha kahawia au kijivu, kina kofia nyeupe juu. Mara chache utakuta kingine laini, cha kahawia nzito, chenye harufu kali. Nacho ni cha kawaida. Damu kwenye kinyesi, hasa kwa vifaranga na kuku wadogo, yaweza kuwa ugonjwa wa kuhara damu, na vimelea vyake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu ndani ya siku moja au mbili tu. Kijani cha majimaji, na kuku wamejikunyata, usikae ukisubiri: huenda ni mdondo, ugonjwa unaoua kuku kwa haraka, nao hauna subira. Mwite mtaalamu wa mifugo. Afya ya kuku wangu naijua mapema zaidi kwa bati hilo kuliko kwa kuwatazama wakirandaranda.

Hakikisha pia fito ndiyo sehemu ya juu kuliko zote bandani. Kuku hutafuta juu. Kama ukingo wa viota vya kutagia umezidi fito, watalala huko, na asubuhi mayai yako yatakuwa yamechafuka.

Sakafuni

Kwenye sakafu tandika maranda ya mbao, unene wa inchi 4 hivi. Karakana za maseremala hapa mjini zinaranda mbao za paini kutoka Iringa na Njombe, na maranda yake ni mazuri sana: makubwa, mepesi, yanafyonza. Chukua maranda, acha lile vumbi laini la msumeno; linapeperuka, na vifaranga wanalidonoa wakidhani ni chakula. Muulize fundi kama mbao zimepakwa dawa ya kuzuia mchwa. Kama zimepakwa, mshukuru, nenda kwingine. Maganda ya karanga nayo yanafaa, na kwetu hayana shida kupatikana, lakini yawe makavu kabisa yasiyo na ukungu.

Yageuze kwa reki mara mbili tatu kwa wiki. Kuku wenyewe watakusaidia ukiwarushia mtama kidogo. Wataparura mpaka chini.

Kujua kama yako sawa, chota konzi moja na uikamue kwa nguvu, kisha fungua kiganja. Likibaki donge, yana maji mengi. Yakishikana kidogo halafu yakamomonyoka, ndiyo tunayotaka. Yakikimbia vidoleni kama unga, yamekauka kupita kiasi na vumbi lake litawasumbua kuku kupumua. Kipimo cha pili ni pua, lakini usipime ukiwa umesimama. Chuchumaa mpaka uso wako uwe usawa wa kuku, kaa hapo kidogo, vuta pumzi. Kuku wanaishi kwenye hewa hiyo ya chini usiku kucha, na wewe ukiwa umesimama mlangoni huijui.

Mara nyingi utakuta tatizo lote liko mahali pamoja, kwenye chombo cha maji. Kiinue kwa tofali mpaka ukingo wake ulingane na mgongo wa kuku. Hawataparuria uchafu ndani, wala hawatamwaga ovyo. Chini yake weka kokoto au wavu badala ya maranda. Donge lolote lililolowa litoe siku hiyo hiyo, weka makavu. Yai la nzi wakati wa joto huchukua siku 7 hadi 10 kuwa nzi kamili, kwa hiyo ukipitisha wiki bila kutoa unyevu, umewalea.

Sasa neno kuhusu chokaa na majivu, kwa sababu hapa wengi wanashauriana vibaya. Ukinyunyizia chokaa au majivu juu ya kinyesi kibichi, amonia inatoka kwa wingi zaidi, na harufu inazidi. Chokaa mahali pake ni sakafu tupu na kuta, baada ya kuondoa kila kitu. Majivu mimi naweka kwenye beseni pembeni, nimechanganya na mchanga, kuku waoge vumbi. Yanawasaidia dhidi ya utitiri.

Kiangazi na mvua

Kuanzia Mei adui anageuka kuwa vumbi. Fagia alfajiri, kabla upepo haujaanza, na nyunyiza matone ya maji kwa vidole, ya kulaza vumbi tu. Funga barakoa au khanga puani. Vumbi la kinyesi cha kuku linaingia kifuani, na wenye pumu wasifanye kazi hii kabisa. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, watu huziba banda lote kwa viroba ili kuku wasipate baridi. Zibeni upande upepo unakotoka, chini tu. Juu pabaki wazi hewa itoke.

Msimu wa mvua kazi huongezeka, nami nakwambia ukweli: hapo ndipo banda hupimwa. Paa lizidi ukuta kwa hatua moja ili manyunyu yasiingie. Chimba mfereji kuzunguka banda. Weka akiba ya viroba vya maranda makavu ndani tangu Novemba, kwa sababu mvua ikishika utayakuta yamelowa kwa maseremala wote. Bati la chini ya fito ulikwangue bila kuruka hata siku moja.

Kutoa vyote

Ukimaliza kundi moja kabla ya kuingiza jingine, toa maranda yote. Hapa ndipo maji yana ruhusa: sakafu ya saruji isugue kwa brashi na sabuni, ikauke, kisha dawa ya kuua vijidudu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Dawa juu ya uchafu haifanyi kazi, kwa hiyo usugue kwanza. Sakafu ya udongo, kwangua inchi 2 za juu na ujaze udongo mpya, ushindilie. Ziba nyufa za ukuta na za mbao. Utitiri na papasi wa kuku hushinda humo mchana na kutoka usiku kunyonya damu. Paka chokaa. Acha banda wazi, tupu, jua lipige ndani kwa wiki mbili.

Kinyesi chenyewe usikipeleke kibichi kwenye mchicha, kitaunguza mizizi, na kina vijidudu vya kuharisha. Kirundike mbali na jikoni, safu ya kinyesi na safu ya mabua ya mtama au mahindi, kifunike, kigeuze kila baada ya wiki mbili, kilowe kidogo tu. Katikati ya lundo patapata moto wa kushinda mkono wako. Baada ya miezi 3 au 4 kitakuwa cheusi, kinanukia udongo, na hujui tena kipi kilikuwa maranda. Wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo wanaijua thamani ya samadi ya namna hiyo. Wengine watakufuata mpaka nyumbani na viroba vyao.

Weka ndala za bandani peke yake, ziachwe mlangoni. Nawa mikono kwa sabuni kila ukitoka, na watoto wadogo wafundishwe hivyo hivyo, hasa wakishaokota mayai.